Ninunue msumeno gani mdogo wa mezani kwa kukatia alumini, brasi na chuma chembamba?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Arusha, natengeneza maboksi ya amplifaya na paneli za swichi kwa oda ndogondogo. Nakata alumini ya milimita 1.5 kwa paneli za mbele, vipande vyembamba vya brasi ya milimita 1, na chuma cha kawaida cha milimita 1 kwa kitako cha boksi. Hadi leo natumia grenda na tupa, na kila kipande kinatoka tofauti na mwenzake. Nataka msumeno mdogo wa mezani wenye usahihi. Ninunue upi? Shangazi yangu yuko Marekani, anakuja Desemba, na amesema anaweza kunibebea.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefunga maswali mawili kwa kamba moja, na ukinunua mashine kabla ya kuyafungua utajuta. Alumini na brasi zina njia yao, chuma kina njia yake. Kwa alumini na brasi, nunua msumeno mdogo; ukiutunza utakutumikia miaka mingi. Kwa kile kitako cha chuma, usiununue. Utaua diski siku ya kwanza, na huenda ukajiumiza.

Watu hudhani shida ni ugumu wa chuma. Shida kubwa ni kasi. Chukua diski ya milimita 80, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye misumeno midogo. Mzingo wake ni kama milimita 251, yaani robo ya mita. Msumeno mdogo wa kampuni ya Proxxon uitwao FET huizungusha kama mara 7,000 kwa dakika. Zidisha: kila jino linasafiri takribani mita 1,760 kwa dakika. Sasa diski ya HSS, ile ya chuma maalumu kinachostahimili joto, ikikata chuma cha kawaida inataka mita 20 hadi 35 tu kwa dakika. Stenlesi inataka karibu nusu ya hapo. Kwa mita 30, diski yako ya milimita 80 ilipaswa kuzunguka kama mara 120 kwa dakika. Wewe unataka kuizungusha mara 7,000. Meno yatageuka bluu kwa joto, yatalainika, na baada ya sentimita chache utakuwa unasugua chuma kwa duara lisilo na makali.

Brasi inavumilia zaidi, mita mia na kuendelea. Alumini inakwenda mamia ya mita bila kulalamika, na kwa meno ya kabaidi, madini magumu kuliko HSS, hupita elfu moja. Ndiyo maana msumeno uleule unaoharibikia kwenye chuma unapita kwenye alumini kama kisu kwenye papai.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia kwenye mashine ni kama kasi yake inarekebishika, na inashuka hadi wapi. Proxxon wana nyingine iitwayo FKS/E, inayorekebishika kati ya mizunguko 3,000 na 7,000. Kwa 3,000 ukiwa na diski ya milimita 80, meno yanakwenda mita 754 kwa dakika. Hapo alumini inakatika vizuri. Kwa brasi bado ni kasi kubwa kwa HSS, na hapo kuna mbinu ambayo wauzaji hawakuelezi: weka diski ndogo zaidi. Diski ya milimita 50 kwa mizunguko 3,000 inashuka hadi mita 471. Wala huhitaji diski kubwa, maana unakata milimita 1. Mashine inayochomoza diski ya 80 kwa milimita 22 juu ya meza itaichomoza ya 50 kwa milimita 7 hivi, na hizo zinakutosha na kubaki. Hata ukishusha kasi hivyo, chuma kinabaki mbali sana. Usijaribu.

Jambo la pili ni meno mangapi yamo ndani ya bamba kwa wakati mmoja. Ukikosea hapa hutapata usahihi hata kwa mashine ya bei gani. Kanuni ya mafundi ni kwamba yasipungue mawili, na matatu ni bora. Likiwa moja tu, bamba linaingia kwenye shimo kati ya jino na jino, jino linalofuata linaligonga badala ya kulikata, na hapo ama jino linavunjika, ama bamba linanyanyuka.

Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kununua diski yenye meno mengi, na ni sawa. Lakini kimo cha diski juu ya meza kina nguvu kuliko wanavyodhani. Nimekupigia hesabu. Diski ya milimita 80, bamba la milimita 1. Ukiinua diski milimita 20 juu ya meza, ukingo wake unalipita bamba karibu wima, na urefu wa njia ya meno ndani ya bamba ni milimita 1.2 tu. Ukiishusha ichomoze milimita 2, ukingo unapita kwa mshazari, na njia hiyo inakuwa milimita 3.7. Kwa diski ya meno 250, ambayo meno yake yako milimita 1 moja moja, umetoka kwenye jino moja ukafika kwenye matatu au manne, na hujatumia hata shilingi. Kwa alumini ya milimita 1.5, chomoza milimita 2.5 au 3.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikuwa nakata brasi ya milimita 0.8, diski nimeiinua juu kwa sababu dakika tano kabla nilikuwa nakata mbao na sikuirudisha. Bamba lilipanda juu ya meno, likajikunja, likapita karibu na bega langu likagonga ukuta wa nyuma. Diski ilipoteza meno matatu. Kidole changu kilikuwa pembeni ya mstari, na nashukuru Mungu mpaka leo. Tangu siku hiyo sisimami nyuma ya msumeno kwa mstari ulionyooka. Nasimama kushoto kwake.

Sasa tuje kwenye usahihi wenyewe, maana umesema kila kipande kinatoka tofauti. Usiangalie namba zilizoandikwa kwenye boksi. Angalia vitu vitatu, na kama unanunua dukani omba uviguse.

Shafti. Shika diski mashine ikiwa haina umeme, isukume kushoto na kulia. Isicheze hata kidogo. Kisha weka saa ya kupimia, ile yenye mshale na ncha inayogusa, kwenye ubavu wa diski karibu na meno, uizungushe kwa mkono. Mshale ukitembea chini ya milimita 0.05 umepata mashine nzuri. Ukifika 0.2, ujue mkato wako utakuwa mpana na wenye mistari. Kabla hujailaumu mashine, futa flenji, yaani vile visahani vinavyoibana diski kwenye shafti, na ubavu wa diski, kwa sababu chembe moja ya alumini iliyonaswa pale inatosha kuipepesua diski nzima.

Reli ya pembeni, ile unayoegemezea bamba. Mashine nyingi za bei ndogo zinafia hapa. Ifunge, kisha isukume kwa kidole upande wa mwisho. Ikisogea, usinunue. Reli ya plastiki iliyofungwa upande mmoja tu itakupa vipande vyenye umbo la kabari hata ukipima vizuri namna gani. Na utakapoifikisha nyumbani hakikisha iko sambamba na diski. Namna sahihi ya kupima ni hii: tia alama jino moja kwa maka peni, pima kutoka jino hilo hadi kwenye reli likiwa mbele, kisha izungushe diski mpaka jino lilelile liwe nyuma, upime tena. Tumia jino lilelile, vinginevyo utakuwa unapima kupinda kwa diski ukidhani unapima reli. Nyuma iwe sawa na mbele, au iwe wazi zaidi kwa unywele mmoja. Isiwe finyu. Nyuma ikiwa finyu, bamba linabanwa kati ya reli na meno yanayopanda juu, na hapo linarushwa.

Meza. Iwe ya alumini ya kuyeyushwa au chuma, iliyonyooka. Weka skwea juu yake uangalie mwanga chini. Na uangalie ule mwanya ambamo diski inatokea. Kwenye mashine nyingi za kiwandani mwanya huo ni mpana mno kwa bamba jembamba: kipande kinainama kikaingia humo. Dawa yake ni rahisi. Kata plaiwudi ya milimita 3, ibandike juu ya meza nzima kwa tepu ya pande mbili, washa mashine, kisha pandisha diski polepole ipasue yenyewe plaiwudi hiyo. Sasa una mwanya unaolingana na diski kamili, na bamba limeshikiliwa hadi ukingoni mwa meno. Miba, yaani ncha kali zinazobaki ukingoni, upande wa chini itapungua sana. Mimi sikati bamba lolote chini ya milimita 2 bila plaiwudi hiyo. Kumbuka tu kimo cha diski sasa unakihesabu kutoka juu ya plaiwudi.

Kuna misumeno midogo sana inauzwa mtandaoni, ya mota ya 775 ya volti 24, na najua bei yake inavutia. Mota ile ina shafti ya milimita 5, na diski inafungwa moja kwa moja kwenye shafti hiyo. Ilitengenezwa kuzungusha vitu, haikutengenezwa kubeba msukumo wa ubavuni. Kwa plastiki na mbao za kuchezea inatosha. Kwa paneli ya mbele ya amplifaya ambayo mteja ataiweka sebuleni, hapana.

Diski zenyewe zinastahili fedha kuliko unavyopanga. Ukinunua diski za kupasulia metali utakuta zina viwango viwili vya Kijerumani: DIN 1837 ni ya meno madogo, DIN 1838 ni ya meno makubwa. Kwa bamba zako unataka 1837. Uzuri wa diski hizi ni kwamba hazina meno yaliyopindwa kushoto na kulia kama msumeno wa mbao. Zimechongwa ubavuni ziwe nyembamba kuelekea katikati, hivyo mkato unatoka laini. Lakini tazama tundu la katikati. Kwa viwango hivyo, diski ya milimita 40 ina tundu la 10, ya 50 ina 13, ya 63 ina 16, na ya 80 ina 22. Misumeno mingi midogo ya Ulaya ina shafti ya 10. Kwa hiyo utahitaji bushi, pete ya kuziba nafasi kati ya tundu na shafti, iliyochongwa na fundi wa mashine ya kukerezea, tena aichonge kwa usahihi, maana bushi iliyolegea inaharibu yote uliyopima. Au nunua diski za mtengenezaji wa mashine zenye tundu linalolingana. Kuanza, fanya hilo la pili.

Kwa alumini diski ya kabaidi ni nzuri pia, ila usichukue ya mbao. Meno ya diski ya mbao yameinama mbele, yanavuta. Kwenye alumini na brasi unataka meno yaliyosimama wima au yaliyoinama nyuma kidogo, yanayokwangua bila kunyakua. Brasi hasa ina tabia ya kulivuta jino ndani. Na diski iliyokwishakata alumini nyingi usiipeleke kwenye brasi. Brasi inataka makali mapya. Andika juu ya kila diski kwa maka peni metali yake.

Alumini nayo si moja. Ile laini ya sufuria inashika kwenye meno, inajaza mashimo kati yao, na diski inakuwa kama gurudumu. Ukiweza omba ya daraja la 5052 kama utaikunja, au 6061 kama ni paneli ya kukaa bapa. 6061 ngumu hupasuka ukiikunja kwa pembe kali. Kwa zote, paka nta kwenye diski kabla ya kila mikato michache. Mshumaa wa kawaida unafaa: zima mashine, izungushe diski kwa mkono ukiisugua na mshumaa. Mafuta ya taa wazee waliyatumia kwa alumini na yanafanya kazi vizuri, lakini mota yenye kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani kupitisha umeme, inatoa cheche ndani yake, na mimi siyaweki karibu nayo.

Ukikata vipande vingi vya urefu mmoja, usitumie reli kama kizuizi cha mwisho wakati unasukuma bamba kwa kigari cha pembe, kile kinachoteleza kwenye mfereji wa meza. Kipande kilichokatika kitanaswa kati ya reli na diski. Funga kibao cha mbao kwenye reli upande wa mbele tu, kiishie kabla ya diski. Gusisha bamba kwenye kibao, kisha sukuma. Likifika kwenye meno tayari limeachana na kibao. Ukimaliza vipande kumi vipime kwa vernia, utaona vimefanana, na hiyo ndiyo furaha uliyokuwa unaitafuta kwenye tupa. Usisahau kuhesabu unene wa mkato: diski ya milimita 0.8 ikikata mara kumi imekula milimita 8 za bamba lako.

Msumeno huu unaishinda gilotini, ile mashine ya kukata bamba kwa kisu kirefu kinachoshuka, hasa kwenye vipande vyembamba. Kata ukanda wa brasi wa milimita 6 kwa gilotini au mkasi, utatoka umejisokota kama unyoya wa kuku. Kwa msumeno utatoka umenyooka.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye kitako chako cha chuma, kwa sababu gilotini inaushinda msumeno huko. Chuma cha milimita 1 kwa vipande vya upana wa kitako cha boksi kinakatwa kwa gilotini ya mguu kwa sekunde moja, bila joto, bila cheche, ukingo umenyooka. Tafuta karakana ya mabati iliyo nayo, peleka bamba zima na orodha ya vipimo, ulipie kwa idadi. Ukipata nafasi ya kupita Kamukunji pale Nairobi, waangalie wale wanaotengeneza masanduku ya bati: mkasi, nyundo, na ukingo wa reli ya treni, na kazi inatoka imekaa. Hawakatai mashine kwa kukosa akili. Wanajua chuma chembamba ni mali ya mkasi. Kama vitako vyako vina matundu mengi ya upepo, mpelekee mwenye leza mchoro mmoja akukatie hamsini.

Jambo jingine kuhusu chuma na alumini kukaa pamoja: usivute unga wa vyote viwili kwa mashine moja ya kunyonya vumbi, wala usiache grenda irushe cheche kwenye meza yenye unga wa alumini. Unga wa alumini uliochanganyika na kutu ya chuma unawaka kwa moto mkali ambao maji hayauzimi, yanauchochea. Fagia meza kabla ya kubadili kazi. Miwani vaa kila mara, kwa sababu mabaki ya brasi ni sindano. Glovu usivae mbele ya diski inayozunguka: zikinaswa zinavuta mkono. Sukuma kwa kibao, na bamba dogo kuliko kiganja chako lisipite mezani bila kubandikwa kwenye kibao kikubwa.

Basi, upi? Kwa kazi uliyoitaja ningechukua mashine ya daraja la FKS/E, au yoyote ya kufanana nayo yenye kasi inayorekebishika, meza ya alumini ya kuyeyushwa na reli inayofungwa imara. Misumeno ya kampuni ya Byrnes ya Marekani, zenye diski ya inchi 4, zinasifiwa sana na watengenezaji wa meli za mfano, na sifa hizo wamezistahili. Lakini mashine ya kubebewa na shangazi ndiyo inayonitia wasiwasi. Umeme wa kule ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde (hezi). Wetu ni 230 na 50. Kama mota ni ya kaboni, transfoma ya kupunguza volti inatosha, iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya wati za mashine. Kama mota haina kaboni, ni ya aina inayofuata mizunguko ya umeme, itazunguka kwa sehemu tano za sita ya kasi yake na itapata joto kupita kawaida, na transfoma haitakuokoa. Kwa muda mrefu, na kwa urahisi wa kupata vipuri, nunua mashine ya volti 230.

Shangazi abebe diski. Ni nyepesi, na ndizo zitakazokusumbua kupata hapa. Mwandikie kipenyo, tundu na idadi ya meno, mbili za brasi na mbili za alumini, na umkumbushe azifunge kwenye begi la kupakia chini, asije akanyang'anywa uwanja wa ndege kwa kuziweka kwenye mkoba wa mkononi.